Dawa Ilikuwa Ndooni

Nina kovu kwenye mkono wa kushoto, linaanzia kiwikoni na kuishia karibu na kifundo. Nililipata nikiwa na miaka sita, siku nilipovuta kitambaa cha meza na birika la chai likanifuata. Maumivu yenyewe siyakumbuki sana. Ninaowakumbuka ni watu. Mama alipopiga ukelele, ua wetu ulijaa mara moja na kila jirani alikuja na dawa yake. Wa kwanza alinipaka dawa ya meno. Wa pili akasema dawa ya meno bila ute wa yai ni kazi bure. Wa tatu akaninyunyizia unga wa ngano juu ya vyote viwili, na nilipofikishwa zahanati mkono wangu ulikuwa kama andazi linalosubiri kutumbukizwa kwenye mafuta.

Muuguzi alichukua muda mrefu kuubandua ugaga ule, kipande baada ya kipande, na ngozi ikifuata. Alipomaliza hakugomba. Alimwuliza mama swali moja tu: "Nyumbani mlikuwa na maji?" Mama akajibu ndiyo, ndoo mbili. "Basi dawa mlikuwa nayo ndooni."

Sentensi ile imenifundisha huduma ya kwanza kuliko semina zote nilizohudhuria baadaye. Wale majirani walinipenda; hakuna aliyekuja kunidhuru. Kosa lao ni letu sote: mtu akiumia mbele yetu, mikono inawasha kufanya jambo, na jambo la kwanza linalokuja akilini ndilo tunalolifanya. Huduma ya kwanza iliyo nzuri huwa ndogo na nyepesi. Hutumia maji, kitambaa safi, mikono miwili na simu. Sehemu yake ngumu ni kuuzuia mkono usifanye yale mengine.

Kabla hujamgusa

Simama, hesabu pumzi moja, tazama. Kilichomwangusha yeye bado kipo? Ukimkuta mtu amelala karibu na waya wa umeme na ukamkimbilia, mtalala wawili. Zima swichi kuu kwanza. Usipoweza kuizima, simama juu ya kitu kikavu na uusukume waya mbali naye kwa mpini mkavu wa ufagio. Hayo ni ya umeme wa nyumbani tu. Waya ulioanguka kutoka kwenye nguzo barabarani usiusogelee kabisa: kaeni mbali, zuieni watu, na pigieni shirika la umeme.

Kisha mpe mtu mmoja kazi ya simu, ukimtaja: "Wewe mwenye shati la bluu, piga." Ukisema "jamani pigeni simu", watu ishirini watatazamana. Tanzania namba ya dharura ni 112, na Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kenya ni 999 au 112, na gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Lakini tuseme ukweli: katika mitaa mingi yetu gari la kwanza kufika ni bajaji ya jirani. Uwe na namba yake kwenye simu yako tangu leo, pamoja na ya mwenye gari wa mtaa wa pili.

Aliyeungua

Nguo zikishika moto, mtu hukimbia, na kukimbia kunauchochea. Mwangushe chini, aviringike huku na huku, mfunike kwa blanketi zito au koti la pamba. Nguo ya nailoni itayeyuka juu yake. Moto ukizimika, mengine yote ni sawa na ya aliyemwagikiwa chai: maji.

Maji yenye ubaridi wa kawaida, yanayotiririka juu ya jeraha, kwa dakika 20. Dakika 20 kwa saa, maana mtoto akilia dakika mbili huonekana kama saa nzima. Atalia, atajipinda, bibi atakuambia umwache apumzike. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Ngozi huendelea kuungua kwa ndani hata baada ya chai kumwagika na kupoa sakafuni. Maji ndiyo yanayouondoa ule moto uliobaki. Hata kama imepita saa moja au mbili, bado yanafaa, hadi saa tatu tangu kuungua. Pasipo na bomba, ndoo na kata vinatosha. Maji yakiwa machache, lowesha kitambaa safi, kiweke juu, na ukibadilishe kila kinapopata joto. Barafu usiweke, nayo huichoma ngozi kwa namna yake.

Wakati maji yanamwagika, mvue bangili, pete, saa, shanga na hata hirizi iliyofungwa mkononi, kabla eneo hilo halijavimba na vitu hivyo kugeuka kitanzi. Mvue nguo zilizolowa maji ya moto, isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi. Hiyo zungushia mkasi uiache ilipo. Mwili uliobaki ufunike apate joto, hasa mtoto mchanga: tunapoza jeraha, hatumpozi mtoto. Mwisho, laza juu ya jeraha nailoni safi ile ya kufungia chakula, bila kuizungusha kwa kukaza, au kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Malengelenge yaache, ile ngozi iliyotuna ni bandeji ambayo mwili umejitengenezea wenyewe.

Dawa ya meno, yai, unga, samli, mafuta ya kupikia, majivu, kahawa: vyote huziba joto ndani, huingiza wadudu, na humlazimisha muuguzi kukwangua kabla ya kutibu. Nenda hospitali ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja na vidole vya aliyeungua, ikiwa liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo au sehemu za siri, ikiwa limetokana na umeme au kemikali, au ikiwa aliyeungua ni mtoto mdogo au mzee. Na lile jeraha jeupe lisilouma lisikudanganye. Haliumi kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua pamoja na ngozi.

Damu

Mtu mzima ana damu lita tano hivi, ujazo wa dumu dogo la mafuta ya kula. Kikombe kimoja kikimwagika kwenye sakafu ya simenti huonekana kama machinjio, kwa hiyo usitishwe na sura yake. Tishwa na mwendo wake. Damu inayotiririka taratibu hukoma. Inayoruka kwa mapigo, au inayolowesha kitambaa huku unakitazama, haisubiri.

Dawa yake ni uzito wa mkono wako. Kunja kanga safi, iweke juu ya kidonda, kandamiza kwa nguvu, na usifunue kuchungulia. Kila ukichungulia unakibandua kile ambacho damu imeanza kukishona. Dakika kumi kamili bila kuachia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake ukikandamiza zaidi. Kama unaogopa damu ya mtu, na una haki ya kuogopa, vaa glavu. Usipokuwa nazo, ingiza mkono ndani ya mfuko wa mkate. Mifuko ya plastiki ya sokoni ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, lakini wa mkate haukosekani jikoni.

Ikiwa damu inaruka mkononi au mguuni na kukandamiza hakujasaidia, hapo ndipo pa kufunga juu ya kidonda, upana wa vidole vinne hivi kutoka kwenye jeraha na si juu ya kiungo, kwa kitambaa kipana kilichokazwa kwa kijiti. Andika saa uliyofunga na usilegeze njiani. Kamba nyembamba au waya hukata nyama bila kuzuia damu. Na kama kuna kitu kimechoma na kubaki ndani, kisu, nondo, kipande cha chupa, kiache. Pengine ndicho kizibo. Kizungushie vitambaa kisitikisike, mpeleke navyo hivyo.

Damu ya pua ina mkosi wake: tumezoea kumlaza mtoto chali au kumwinamisha kichwa nyuma na kummwagia maji utosini. Damu haikukoma, imebadili njia na sasa anaimeza, baadaye ataitapika mkaogopa mara mbili. Mketishe, ainame mbele, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, apumue kwa mdomo, dakika kumi bila kuachia. Ikipita nusu saa bado inatoka, ni hospitali.

Tonge lililokaba

Anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Wa kuogopewa ni yule aliyenyamaza ghafla katikati ya chakula, ameshika koo, macho yametoka, sauti haipo. Mwinamishe mbele, mpige mara tano kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Kama halijatoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu ya kitovu, chini ya chembe ya moyo, ishike kwa mkono wa pili, na uvute kwa ghafla ndani na juu, mara tano. Njia hiyo ya kuvuta tumbo aliieleza daktari wa Marekani, Henry Heimlich, mwaka 1974. Rudia tano za mgongo na tano za tumbo mpaka litoke au azimie. Mjamzito usimvute tumbo, mvute kifua.

Mtoto chini ya mwaka mmoja naye tumbo lake usilibonyeze. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili na taya lake umelishika, mpige mara tano mgongoni. Kisha mgeuze chali, umbonyeze mara tano kwa vidole viwili katikati ya kifua. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani.

Na ule mwiba wa samaki? Pwani nzima na kandokando ya Ziwa Victoria shauri ni moja: meza tonge kubwa la ugali bila kutafuna, litaushusha. Mara nyingine hushuka. Mara nyingine tonge huusukuma mwiba uchome zaidi ukutani mwa koo. Usipotoka kwa kukohoa, mwenye kuuona kwa taa na kuutoa kwa koleo ndogo yupo hospitali.

Kifafa na degedege

Sijui dharura nyingine ambayo woga wa watazamaji umedhuru kuliko ugonjwa wenyewe. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walianguka kwenye mafiga na watu wakaogopa kuwavuta, kwa imani kwamba povu la mgonjwa na mate yake huambukiza. Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa kuvuka mahali alipoangukia. Mvute kutoka motoni, majini au barabarani mara moja.

Akishakuwa mahali salama, kazi yako ni ndogo mno kiasi cha kuaibisha. Weka kitenge kilichokunjwa chini ya kichwa. Sogeza meza na mawe. Legeza kola. Tazama saa. Usimkandamize, na usimwekee kitu chochote mdomoni: si kijiko, si kijiti, si kidole chako. Mtu hamezi ulimi wake. Lakini kijiko huvunja meno, na meno huvunja kidole. Kiberiti cha kumnusisha na kitunguu cha kumpaka viacheni jikoni. Mtetemeko ukikoma, mlaze ubavu, mate yatoke nje, na ukae naye mpaka ajue yuko wapi. Akiamka atakuta watu wamemzunguka na pengine nguo imelowa. Mfunike, watawanye watu. Heshima ile ni sehemu ya huduma. Mtetemeko ukipita dakika tano bila kukoma, au ukimrudia kabla hajazinduka, au ni mara yake ya kwanza, au ni mjamzito, hapo ni gari na hospitali.

Kwa mtoto mdogo mwenye homa tunaita degedege, na wazee walilihusisha na dege linalopita juu ya nyumba usiku. Ndiyo maana wengi walianzia kwa mganga, kwenye mafusho, na wakaambiwa kwamba mtoto wa namna hiyo akidungwa sindano atakufa. Watoto walifia hospitali, na sindano ikasingiziwa, kumbe malaria ilikuwa imeshapewa siku mbili za kufanya itakavyo kichwani. Fanya yale yale: ubavu, mdomo uwe wazi, hakuna kijiko. Mpunguzie nguo. Usimtumbukize kwenye maji ya baridi wala kumnywesha dawa akiwa bado anatetemeka. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, hata kama ameamka na anaomba uji.

Nyoka, na mbwa

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Mkulima wa Tabora au Baringo hakuhitaji orodha kulijua hilo. Aliyeumwa na nyoka kwa kawaida hupata tiba tano kabla ya kufika hospitali: kamba iliyokazwa, chale za wembe, mdomo wa kunyonya, jiwe jeusi la nyoka, na safari ya miguu. Kamba huua mguu ambao sumu pengine ingeuacha. Chale huongeza damu kwa mtu ambaye huenda sumu imeshaharibu uwezo wa damu yake kuganda. Mdomo haunyonyi kitu cha maana. Jiwe hunata kwa sababu linanyonya majimaji, na linasifiwa kwa sababu si kila nyoka ana sumu, na hata mwenye sumu si kila mara huimwaga; mgonjwa angepona hata ungembandika kigae. Na kutembea hupiga pampu ya misuli na kuisambaza sumu.

Kwa hiyo mlaze, mtulize, mvue pete, viatu na cheni ya mguuni. Funga gango: kipande cha ubao au fito mbili pamoja na vitenge, kama unavyofunga mguu uliovunjika, usitikisike. Abebwe. Ikiwa usafiri ni bodaboda, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Nyoka aachwe aende. Ukiweza kumpiga picha kwa mbali, vema, lakini usimwinde. Hata kichwa kilichokatwa bado huweza kuuma. Kabla ya kuondoka pigieni simu kuuliza ni hospitali ipi yenye dawa ya kuzuia sumu ya nyoka, maana si zote huwa nayo, na safari mbili ni ndefu kuliko moja. Swila akikutemea machoni, usipikiche: mimina maji mengi, dakika 15 hadi 20, na kama maji hayapo, maziwa yatafaa.

Kuumwa na mbwa ni kinyume chake: jeraha huonekana dogo, na kidogo hicho ndicho kinachoua. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kinga ipo, tena ya zamani: Louis Pasteur alimchanja kijana Joseph Meister mjini Paris mwezi Julai 1885. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, hata kama ni mkwaruzo tu, hata kama mbwa ni wa jirani na jirani anaapa kuwa ni mzima. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa. Halafu chanjo, siku hiyo, na dozi zote kwa tarehe utakazopangiwa. Wanaoogopa zile sindano nyingi za tumboni walizosimuliwa na wajomba zao wajue kwamba zimepitwa na wakati; sasa huchomwa begani, tena chache.

Soda isiyo soda

Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, dawa ya panya kwenye kopo la maziwa, dawa ya kunyunyizia mahindi chini ya kitanda: mtoto hasomi maandishi, anasoma chupa. Akinywa, mkono wa kwanza hutaka kumtapisha kwa kidole au maji ya chumvi, na wa pili huleta maziwa. Zuia yote mawili. Mafuta ya taa hayamdhuru sana tumboni. Hudhuru yakiingia kwenye mapafu, na njia yake ya kuingia huko ni kutapika. Kemikali kali iliyounguza koo wakati wa kushuka itaunguza tena wakati wa kupanda. Maziwa hayasafishi sumu. Huongeza tu cha kutapika. Futa mdomo, msukutue, mvue nguo zilizomwagikiwa, osha ngozi kwa sabuni, akisinzia mlaze ubavu. Beba chupa yenyewe hadi hospitali. Daktari akijua kilichonywewa, nusu ya kazi imeisha.

Ajali ya bodaboda

Hapa wema wetu hugeuka hatari. Watu sita humnyanyua majeruhi, huyu mguu, yule kwapa, kichwa kikining'inia, na kumrusha nyuma ya pikapu. Kama shingo ilikuwa imepata ufa, sasa imekatika. Asipokuwa kwenye moto au katikati ya magari, msimwondoe haraka. Mmoja apige magoti nyuma yake, ashike kichwa kwa mikono miwili kama kilivyo, na aongee naye. Kofia ngumu isivuliwe ikiwa anapumua vizuri. Wengine wakandamize penye damu kwa vitambaa, wafunge gango penye mfupa uliopinda bila kuunyoosha, wamfunike. Ikibidi kumhamisha, ageuzwe mwili mzima kwa pamoja kama gogo, alazwe juu ya ubao au mlango, mtu wa kichwani akitoa amri. Usimpe chai wala maji. Huenda akahitaji upasuaji.

Na PF3, ile fomu ya polisi? Mtu mmoja aende polisi kuifuata, majeruhi aende hospitali. Karatasi inaweza kumkuta wodini.

Asiyepumua

Mtikise mabega, mwite. Haitiki? Tazama kifua kwa sekunde kumi. Pumzi za kukoroma moja moja, za mbali mbali, si kupumua; ni moyo uliosimama. Piga magoti ubavuni, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha viwiko, bonyeza sentimita tano hadi sita, uachie kifua kirudi, karibu mara mbili kila sekunde: 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa achanganye pumzi mbili kila baada ya mibonyezo 30. Asiyefunzwa abonyeze tu, bila kukoma, akipokezana na mwenzake kila dakika mbili. Njia hii ya kutumia mikono mitupu ilitangazwa mwaka 1960 na watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani. Huenda ukavunja ubavu. Ubavu huunga.

Aliyezama majini yeye amekosa hewa, kwa hiyo anza kwa pumzi tano mdomoni ukiwa umembana pua, ndipo ubonyeze. Usimning'inize kichwa chini, usimkamue tumbo: maji ya tumboni hayakumzuia kupumua. Na kabla ya hapo, usijitupe majini kumfuata ikiwa hukufunzwa, kwani anayezama hushika chochote, na atakushika wewe. Dumu tupu la lita ishirini lililozibwa kifuniko, lenye kamba, ni boya zuri kuliko shujaa.

Usiku huu

Mama aliishi na kovu langu kuliko nilivyoishi nalo mimi. Kila nilipovaa shati la mikono mifupi, alikuwa akiligusa kwa kidole kama anayefuta kitu. Mwaka uliofuata mdogo wangu alimwagikiwa uji. Ua ulijaa tena, dawa ya meno ikaja tena, na mama akasimama mlangoni na kata mkononi, akawaambia majirani kwa adabu kwamba mwenye kutaka kusaidia alete ndoo. Walileta. Mdogo wangu alilia dakika 20 zote, na leo hata yeye hakumbuki ni mkono upi.

Basi kabla hujalala, fanya mambo manne. Mwonyeshe kila aliye nyumbani swichi kuu ilipo. Hamisha mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda. Weka pamoja, kwenye kopo moja ambalo halifungwi kwa kufuli, bandeji mbili, kanga safi iliyopigwa pasi, mkasi, glavu, sabuni na nailoni ya chakula. Na usiiache ndoo tupu.